Vyungu Vilivyolibeba Jukwaa la Kekee

Wenzangu wa Ikombe, tangu nirudi mmekuja mmoja mmoja uani kwangu kuniuliza yaliyonipata, na kila mmoja ameondoka na kipande chake. Sasa nasikia vipande hivyo vinazunguka ufukoni vikiwa vimeongezewa mikia. Wapo wanaosema nilimtukana Mdachi. Wapo wanaosema nilimpigia magoti. Kwa sababu hiyo nimemkalisha mjukuu wangu Tusajigwe, anayesoma kwa wamisionari, ayaandike ninayoyasema. Mimi ninasema kwa Kikisi, naye anaandika kwa Kiswahili cha shule. Nimemwonya asinipambie neno hata moja. Atawasomea siku ya kuchoma vyungu, wote mkiwa pamoja, na baada ya hapo asiniulize mtu tena.

Kilichotutoa nyumbani

Ninyi mnayajua, lakini maandishi hufika kwa watu wasiojua, kwa hiyo nitayasema.

Mdachi tuliyemwita Bwana Kekee alikuja kwetu kwa sababu ya ile ngozi ya mafuta inayong'aa juu ya maji, mbele ya miamba yetu, mahali ambapo wavuvi wetu hawatupi nyavu. Aliichota kwa kikombe, akainusa, akasema chini ya ziwa kuna mafuta ya taa. Alitaka kutoboa sakafu ya ziwa kwa kekee ya chuma ndefu kuliko mnazi. Ili asimame juu ya maji alihitaji jukwaa, na ili jukwaa lielee alihitaji mapipa. Mapipa hayakufika. Akaviona vyungu vyetu vya maji, vile vya tumbo kubwa na mdomo mwembamba, akavinunua arobaini. Vilizibwa midomo kwa vigingi na nta, vikafungwa kwa kamba chini ya mianzi, na jukwaa likaelea.

Nyapara wa jukwaa hilo alikuwa mwanangu Gwakisa. Vyungu vilikuwa vyangu na vya mke mwenzangu Sekela.

Nilimwambia Gwakisa waziwazi, mbele ya vibarua wake, kwamba chungu cha maji hunywa. Udongo wetu unapitisha maji kidogo kidogo, na ndiyo maana maji ya kunywa hupoa ndani yake. Kinachotoka nje kitaingia ndani. Nikamwambia jukwaa livutwe ufukoni kila baada ya siku nne, vyungu vifunguliwe, vianikwe kutwa nzima. Gwakisa alicheka mbele ya watu akasema, "Mama, vyungu ni vyako, jukwaa ni langu." Hata hivyo alimfikishia Bwana Kekee maneno yangu, na mara mbili jukwaa lilivutwa, vyungu vikaanikwa.

Safari ya tatu hawakulivuta. Mapovu yalikuwa yameanza kupanda kutoka kwenye tundu, na harufu ya mafuta ikafika hadi vibandani kwetu. Bwana Kekee alikataa kuliacha tundu lake. Siku ya tisa tangu vyungu vianikwe mara ya mwisho, ziwa lilitapika matope na hewa chini ya jukwaa, nalo, likiwa zito, halikuinuka. Lilipinduka. Watu wawili walikufa: Asajile wa Ipinda, ambaye ziwa halikumrudisha, na Lusekelo wa Ngana, kijana ambaye hakuwa ameoa. Bwana Kekee siku hiyo alikuwa ufukoni anakula. Wiki iliyofuata askari wakaja wakamfunga Gwakisa mnyororo, wakampeleka Boma, kwa kuwa karatasi ya Bwana Kekee ilisema nyapara alizembea na vyungu vilikuwa vibovu.

Sasa kuna desturi yetu. Mwanamke wa Ikombe akimuuzia mtu chungu cha maji, chungu hicho hubaki juu ya mfinyanzi mpaka mwenye nyumba anywe maji yake ya kwanza. Kikipasuka kabla ya hapo, mfinyanzi hupeleka kingine kwa miguu yake mwenyewe, haagizi mtu. Vyungu vile arobaini hakuna aliyekunywa maji yake. Vilitoka tanuruni vikaenda moja kwa moja chini ya mianzi. Kwa hiyo vilikuwa bado juu yetu, na watu wawili walikuwa wamekufa juu yake.

Nilifinyanga vyungu viwili. Nikamwambia Sekela kwamba nitavipeleka Ipinda na Ngana, kisha nitapanda Boma kabla ya siku ya shauri la Gwakisa.

Sekela akasema, "Wewe goti lako moja halikunjiki, dada. Utapanda Boma kwa goti gani?"

"Kwa hilo lingine."

"Basi nitakwenda nawe, nikalibebe hilo lisilokunjika."

Hivyo tukaondoka.

Kwa mtumbwi hadi Matema

Upepo wa kusini ulitushika mapema. Mpiga kasia, jamaa wa kaka yangu, alikataa kukata maji mapana, akatupitisha kando kando ya miamba. Tulikaa saa nyingi nyuma ya jiwe moja tukisubiri mawimbi yashuke, vyungu tumevipakata mapajani kama watoto wachanga. Tulikula usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa na ugali wa ulezi uliokwisha kuwa mgumu.

Tulipita mahali pale. Kipande cha mwanzi kilikuwa bado kimenasa kwenye miamba, na ngozi ya mafuta ilikuwapo, ikitanda na kujikunja. Sekela alitazama upande mwingine. Mpiga kasia akaniuliza kwa upole, "Shangazi, nikwepe?"

"Pita hapo hapo," nilisema.

Matema tulifika tukiwa tumelowa. Mke wa mwinjilisti alitupokea vizuri, akatukaushia nguo, lakini alidhani tumekuja kuuza. Alivigonga vyungu kwa kidole akisikiliza mlio, kama mnunuzi anayejua kazi yake, akasema atachukua kimoja kwa kikapu cha mpunga.

"Haviuzwi," nikamwambia.

"Vikapu viwili, juuba," akasema, akiniita mama kwa lugha yao.

"Mama, hivi vinakwenda msibani."

Akaiondoa mikono yake. Asubuhi alitufungia ndizi za kuchoma kwa safari, wala hakuvitazama tena.

Mto Lufilyo, na nyumba ya Ipinda

Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na Lufilyo ulikuwa umefura hadi kwenye mashamba ya mpunga. Tuliketi ng'ambo ya huku siku mbili na nusu pamoja na watu wengine waliokwama: mtu aliyekuwa anapeleka mbuzi wa mahari, na wanawake watatu wenye chumvi. Siku za shauri haziwangojei watu waliozuiwa na mto, na kila asubuhi nilikwenda kupima maji kwa fimbo yangu.

Yule mwenye mbuzi alikuwa mtu wa maneno. Aliposikia tunatoka Ikombe alisema, "Ninyi ndio mnaofinyanga vyungu vinavyoua watu."

Sekela akamjibu, "Na wewe ndiye mkwe anayechelewa siku tatu na mbuzi mwenye kikohozi. Tusameheane."

Watu wakacheka, naye akacheka. Mimi sikucheka. Alikuwa ametamka jambo lililokuwa linanitembeza njia ile. Siku ya tatu alitushika mikono akatuvusha, maji yakiwa kifuani, akirudi mara mbili kwa ajili ya vyungu.

Ipinda tulielekezwa nyumba ya marehemu Asajile. Mjane wake, Tupokigwe, alikuwa shambani akipalilia mpunga huku mtoto yuko mgongoni. Alipotuona alijua sisi ni nani kabla hatujasema, kwa sababu ya vyungu. Alinawa mikono taratibu, akatutangulia nyumbani.

"Mwagonile," alitusalimu.

"Tumelala salama, mama. Pole na msiba."

Nilimweleza desturi yetu kama nilivyowaeleza hapa, na kwamba tunakwenda Boma kwenye shauri. Nilimwambia sikuja kulipa mtu kwa chungu, kwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Nimekuja kwa sababu sikutaka kuagiza. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Asajile hakujua kuogelea. Huku kwetu hatuishi majini. Nyapara wenu alijua hilo?"

"Alijua," nilisema. Sikutaka kumficha. "Wengi wa vibarua wale hawakujua kuogelea. Watu wetu wa Ikombe waliikataa kazi ile, ndipo wakachukuliwa watu wa bara."

Kisha alichukua kile chungu, akaenda kisimani, akarudi nacho kimejaa. Mnajua maji ya kwanza ya chungu kipya yana ladha ya udongo, na watu huyamwaga. Yeye hakuyamwaga. Alichota kwa kibuyu, akanywa mbele yetu mpaka kibuyu kikaisha, akampa na mtoto.

"Ndaga," alisema akitushukuru. "Hiki sasa ni changu. Lile jambo jingine, la kifo chake, sijui ni la nani. Mkifika Boma mniulizie."

Alitupikia ndizi kwa usipa tuliokuwa nao. Nilikula kwa sababu ingekuwa matusi kutokula.

Kutoka Ipinda hadi Ngana

Njia hii ni ndefu kwa mtu wa goti moja. Ni matope, mpunga, migomba, kisha matope. Mito miwili tuliivuka juu ya magogo. Watu wa vijiji vya njiani walitupa mahali pa kulala na pombe ya moto ya kimpumu, na kila tulipolala walitaka kusikia habari za ziwa kutapika. Nilimwachia Sekela azieleze. Kila kijiji alieleza tofauti kidogo, na kufikia Ngana mawimbi yalikuwa yamekua kama vilima.

"Umeongeza," nilimwambia.

"Wametupa kuku mzima, dada. Ningewapa mawimbi madogo?"

Karibu na Ngana tulisikia mlio ninaoujua. Ni mlio wa chuma kinachoinuliwa na kuangushwa, ukijibiwa na vibarua wanaohesabu. Kando ya mto, juu ya ardhi kavu, Bwana Kekee alikuwa amesimamisha kekee ile ile. Walikuwa wameivuta kutoka ziwani kwa kamba, wakaifuta kutu, wakaileta hapa kutafuta makaa ya mawe. Mwanangu alikuwa kwenye mnyororo, na chuma kilikuwa kimeshapewa kazi mpya.

Bwana Kekee aliniona. Alinijua, kwa kuwa katika hema lake la Ikombe maji yake ya kunywa yalikaa katika chungu changu, nami ndiye niliyempelekea. Alivua kofia kidogo kama wafanyavyo wao, akaivaa tena, akageukia kazi yake.

Baba wa Lusekelo anaitwa Mzee Mwaijande. Tulimkuta anakata majani ya migomba ya kuezekea zizi. Hakutukaribisha kuketi, ingawa mkewe alitoa mkeka nao ukabaki umekunjwa mlangoni. Nilisema niliyoyasema Ipinda. Nilikiweka chungu chini mbele yake.

"Lusekelo mlimzika?" Sekela aliuliza.

"Yeye alirudishwa," mzee akasema. "Yuko pale." Akaonyesha kwa panga nyuma ya migomba. "Jana huyo mzungu wenu amekuja hapa kuomba vijana wawili. Anasema kazi ya huku haina maji."

"Ukamjibu nini, taata?" nikamuuliza, nikimwita baba kwa lugha yao.

"Nilimuuliza nani alimuua mwanangu wa kwanza, ndipo nijue kama nimpe wa pili. Akasema nyapara. Nyapara nasikia anasema vyungu. Sasa umekuja mwenye vyungu. Wewe utasema nani?"

Nikasema shauri liko Boma.

"Ninyi mnakaa ufukoni," alisema. "Mlikuwa mnaliona jukwaa kila siku. Hamkuona kitu?"

Sekela alifungua mdomo, nami nikamgusa mkono. Nilisema tutachelewa, siku ya shauri imekaribia. Hilo lilikuwa kweli, na nililitumia kujificha.

Mzee Mwaijande alikisukuma chungu kwa mguu, taratibu, bila kukivunja, kikarudi upande wangu. "Sitakunywa humo," alisema. "Kibaki juu yako. Kipeleke kwanza kikaulizwe Boma."

Nikakitwika tena.

Kupanda Boma

Kutoka Ngana njia inapanda mpaka mtu anaona ukungu chini yake. Baridi ya kule inaingia kwenye mifupa. Sekela, ambaye tangu Ikombe hakuwa amenyamaza, alinyamaza. Tulipopumzika kando ya njia, kwenye migomba ya mtu, aliniuliza.

"Kwa nini ulinigusa mkono?"

"Kwa sababu ulitaka kusema hatukuona kitu."

"Mimi sikuona, dada. Macho yangu unayajua. Wewe uliona?"

Nilimwambia. Nimekaa na mwanamke huyu nyumba moja tangu usichana wetu, tumezika mume mmoja, na sikuwahi kumwona ananitazama hivyo. Hakunilaumu. Alichukua chungu akakitwika yeye, akatembea mbele.

Karibu na Boma askari wawili walituzuia wakidhani tumebeba pombe ya kuwauzia vibarua wa barabara. Mmoja alitaka kuonja. Alipoingiza mkono akakuta chungu kitupu alikasirika, kana kwamba tumemlaghai.

"Chungu kitupu cha nini huku juu?"

"Ni cha Bwana Shauri," Sekela akamwambia kwa sauti ya mtu aliyetumwa.

Askari akasimama sawasawa, akatusindikiza hadi langoni. Nilimkemea Sekela kwa kusema uongo. Akanijibu kwamba bado hatujaona kama ni uongo.

Gwakisa tulimwona siku hiyo hiyo, akiwa katika mstari wa wafungwa waliokuwa wanabeba mawe ya barabara. Alikuwa amekonda, na shingo yake imechubuka pale penye pete ya chuma. Alipotuona alitabasamu. Akasema bila sauti, kwa midomo tu, "Mama." Nilimwinulia mkono. Nilijua wakati huo kwamba kesho yake nitasema, na kwamba atasikia.

Barazani

Bwana Shauri, Mdachi anayeamua mashauri ya Boma, alikaa nyuma ya meza yenye karatasi nyingi. Pembeni alisimama mkalimani, mtu wa pwani, kanzu yake safi. Bwana Kekee alikuwa amepanda farasi kutoka Ngana, akapewa kiti. Gwakisa alisimama. Sisi tuliambiwa tuketi chini, nikasema goti langu halikunjiki, kwa hiyo nikaachwa nisimame.

Kabla ya kuingia nilikuwa nimekijaza chungu maji kwenye mfereji. Niliomba ruhusa kukiweka mezani. Mkalimani akasita, lakini Bwana Shauri aliitikia kwa kichwa, nadhani alidhani ni zawadi. Kikawekwa pale juu ya karatasi, mojawapo ikiwa nakala ya maneno ya Bwana Kekee.

Ilisomwa karatasi ya Bwana Kekee. Ilikuwa ndefu. Ilisema jukwaa lilijengwa vizuri; kwamba nyapara aliambiwa alitunze; kwamba vyungu vilionekana vizima wakati vinanunuliwa, na mnunuzi hakuwa na njia ya kujua kwamba vinapitisha maji; kwamba wafinyanzi waliificha kasoro hiyo. Gwakisa aliulizwa. Alisema alimkumbusha Bwana siku ya tano kwamba jukwaa livutwe, akapigwa kofi. Bwana Kekee akasema hakumbuki.

"Mama huyu ana neno?" Bwana Shauri akauliza.

Nikamwomba, kwa Kiswahili changu kidogo, akiinue chungu.

Alikiinua. Chini yake karatasi ilikuwa imelowa duara zima, na wino wa maneno ya Bwana Kekee umetanda. Ubavu wa chungu ulikuwa umejaa matone.

"Kinavuja," alisema Bwana Shauri, na mkalimani akanifikishia.

"Hakivuji. Hicho ni chungu kizima, hakina ufa. Vyote vya kwetu hufanya hivyo. Hutoa jasho, na maji hupoa. Kila anayekunywa maji kwenye chungu cha Ikombe hukikuta kimelowa nje kila asubuhi. Bwana Kekee alikunywa maji ya chungu changu katika hema lake miezi minne. Alikiwekea sahani chini kwa sababu kilimloweshea vitabu. Sahani hiyo aliiomba kwangu."

Mkalimani alitafsiri polepole. Bwana Kekee alitazama chungu. Baraza lote likamtazama yeye. Mwishowe akasema kitu kifupi kwa Kidachi, na mkalimani hakukitafsiri.

Hapo ningeweza kuishia. Sekela ameniambia mara nyingi njiani kwamba hapo ningeishia. Lakini Bwana Shauri hakuwa mjinga. Aliniuliza, "Basi wewe ulijua kuliko wote. Ulifanya nini?"

"Nilimwonya mwanangu kabla jukwaa halijaingia majini, naye akamfikishia Bwana wake. Wakavianika mara mbili."

"Na mara ya tatu?"

Nikasema, "Aliye juu ya jukwaa haoni lilivyoshuka, hana cha kulipimia. Aliye ufukoni huona. Siku ya saba niliona kamba za kufungia vyungu zimezama. Nikajua vimekunywa. Mwanangu alikuwa amenicheka mbele ya vibarua wake, nami nilikuwa nimejiapiza sitasema tena mpaka aje mwenyewe kuniuliza. Nikaendelea na kazi yangu. Siku ya tisa likapinduka."

Mkalimani hakutafsiri. Aliinama karibu nami akasema kwa Kiswahili, "Mama, maneno haya ya mwisho niyaache. Yatakufunga bure. Mtoto wako ameshaokoka."

"Yatie yote," nikamwambia.

Akayatia. Sikumtazama Gwakisa. Nilisikia mnyororo wake ukisogea, kisha ukatulia.

Bwana Shauri aliandika kwa muda. Alimuuliza Bwana Kekee mambo mawili matatu, wakazungumza kwa Kidachi kwa sauti ya chini, kama watu wanaokula meza moja. Kisha hukumu ikasomwa. Nyapara afunguliwe, kwa kuwa aliamriwa. Mwanamke mzee asiadhibiwe, kwa kuwa hakuwa mtumishi wa kampuni. Ajali ilisababishwa na vyungu vya udongo vya wenyeji, ambavyo kwa asili yake havifai kazi ya majini. Kuanzia sasa mapipa ya chuma tu ndiyo yatumike. Hapakuwa na neno la mtu aliyechagua vyungu badala ya kungoja mapipa, wala la safari ile ya tatu ambayo jukwaa halikuvutwa.

Niliomba kuuliza. Nikasema Mama Tupokigwe wa Ipinda na Mzee Mwaijande wa Ngana wameniagiza niulize vifo hivi ni vya nani. Nikasema sehemu yangu nimeitaja mwenyewe mbele ya mwanangu, na nimeibeba. Ila sikubali kubeba na ya Bwana Kekee. Naomba aitaje yeye.

Mkalimani aliyatafsiri, hilo namshukuru. Bwana Shauri akasema shauri limekwisha. Chungu kikabaki Boma, wakasema ni ushahidi.

Kuteremka

Gwakisa alifunguliwa siku iliyofuata. Alitoka na nguo aliyokamatwa nayo. Alinisalimu kwa heshima, akamsalimu Sekela, akachukua mzigo wetu. Tuliteremka nusu siku bila mazungumzo isipokuwa ya njia: hapa pana utelezi, hapa shika. Kila nilipoteleza alinishika mkono, na kila niliposimama sawa aliuachia.

Pale njia ya Ngana inapoachana na ile ya kwenda ziwani tuliketi tukala ndizi, na Sekela akamweleza yaliyosemwa Ipinda na Ngana. Gwakisa hakula. Alikaa akiitazama mikono yake.

"Siku ya saba," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ya saba ulikuwa kwenye mwamba ule wa kuanikia, mama? Ule ulio karibu na maji?"

"Ndiyo. Hapo hapo."

"Nilikuona. Niliwaambia wenzangu, yule ni mama. Lusekelo akasema, mpungie. Nikakataa, kwa sababu nilikuwa bado nimekukasirikia." Akanitazama. "Upepo ulikuwa unatoka kwenu. Ungepiga kelele tu. Tungesikia."

Nilimwambia kwamba ni kweli, wangesikia.

Alisimama, akamkabidhi Sekela mzigo. Alisema anakwenda Ngana kwa Mzee Mwaijande. Mzee amepungukiwa kijana wa kulima, na Bwana Kekee anaweza kurudi kuomba watu. Atakuwapo mtu wa kumjibu. Sikumuuliza atakaa muda gani. Aliagana nasi kwa mikono miwili, kama inavyompasa mtoto, akateremka njia ya kushoto. Nilisimama nikimtazama mpaka migomba ikamfunika, kisha nikaita jina lake kwa nguvu zangu zote. Alikuwa ameshafika mbali, na upepo ulikuwa unatujia sisi.